Nguvu za Mwili na Nguvu za Umoja: Funzo la Nyumba za Mazoezi

Mazungumzo kwa viongozi wa vyama vya msingi



Katika daftari la wanachama la karibu kila chama yamo majina ya watu ambao hawajaonekana mkutanoni kwa muda mrefu. Hawakufa, hawakuhama, wala hawakuandika barua ya kujitoa. Siku moja hawakuja. Hakuna aliyeuliza habari zao. Mara ya pili hawakuja tena. Na kwa kuwa hata hapo hakuna aliyeuliza, wakaacha kabisa. Ugonjwa huu hautibiwi kwa barua ya onyo wala kwa faini. Yafaa basi kutazama mahali ambapo watu hufika alfajiri kwa hiari yao, hulipa ada ambayo mara nyingi huzidi dola 100 kwa mwezi, hutoka jasho hata kuishiwa pumzi, na kesho yake hurudi tena. Mahali penyewe ni nyumba za mazoezi ya nguvu zilizoenea Marekani, na baadaye katika nchi nyingine nyingi, tangu mwaka 2000.

Chanzo na namna ya mazoezi

Mwaka huo Greg Glassman na Lauren Jenai waliunda kampuni iitwayo CrossFit katika jimbo la California. Nyumba za mazoezi zilizozoeleka kabla ya hapo zilijaa mashine, na kila mashine ilishughulikia msuli mmoja. Glassman, aliyekuwa akifundisha mazoezi katika mji wa Santa Cruz, alifuata njia nyingine: mwili ufunzwe mambo yale yale unayotakiwa kuyafanya maishani. Mtu achuchumae na kuinuka akiwa na mzigo. Aokote kitu kizito sakafuni. Akisukume juu ya kichwa. Ajivute juu ya mtaimbo. Abebe, aruke, akimbie. Yeyote aliyewahi kujitwika debe la maji au kuinua gunia ghalani anazijua kazi hizo, ingawa hakuziita mazoezi.

Nyumba yenyewe haina fahari. Mara nyingi ni ghala la zamani au banda lililokuwa la kutengenezea magari. Ndani mna mitaimbo ya chuma, ya kilo 20 kwa wanaume na kilo 15 kwa wanawake; mna duara za mpira za kuongezea uzito; mna vyuma vyenye mkono wa kushikia mfano wa birika; mna kamba na pete zilizoning'inizwa darini; na ukutani mna ubao. Wenyewe huiita nyumba hiyo boksi. Watu hawaingii na kutoka ovyo kama sokoni. Hufika kwa saa iliyopangwa, wakafanya zoezi moja kwa pamoja chini ya mwalimu mmoja, na kwa kawaida kipindi huchukua muda wa saa moja. Zoezi ni moja kwa wote, bali uzito hutofautiana. Mzee wa miaka 65 na kijana wa kikosi cha zimamoto huchuchumaa safu moja. Kijana amebeba kilo 80 mabegani, na mzee anainuka kutoka juu ya kiti bila mzigo wowote. Wote wawili wamefanya kazi ya siku hiyo.

Nguvu hujengwa kidogo kidogo

Kanuni ya kujenga nguvu ni ya kale. Wayunani walisimulia habari za Milo wa mji wa Croton, bingwa wa mieleka wa karne ya sita kabla ya Kristo, kwamba alimbeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali, na Milo akaendelea kumbeba. Hadithi imetiwa chumvi, lakini kiini chake ni kweli: mwili hupokea mzigo unaoongezwa kidogo kidogo, nao huukataa ule unaotupwa juu yake ghafula. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliitumia kanuni hiyo kwa askari walioumia viungo. Aliwapa kuinua uzito mkubwa kwa vipimo vilivyoandikwa na kuongezwa, wakati madaktari wengi walipendelea mazoezi mepesi. Mwaka 1945 alitangaza matokeo yake, na tangu hapo uzito ukawa chombo cha tiba.

Wengine husema kwamba mambo haya ni ya vijana. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walitangaza uchunguzi uliofanywa katika makao ya wazee mjini Boston. Wazee 10 dhaifu, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 90, walifundishwa kunyoosha miguu dhidi ya uzito kwa majuma manane. Wale waliomaliza waliongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174. Jambo hili si dogo. Kuanzia umri wa makamo misuli ya binadamu huanza kupungua isipotumiwa, na mwisho wake ni mzee kushindwa kuinuka peke yake kitini, au kuanguka uani na kuvunjika nyonga. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wote kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku mbili kwa juma, na wazee waongeze mazoezi ya kulinda mizani ya mwili.

Hata hivyo hatari ipo, wala haifai kufichwa. Mtu anayeshindana kuliko uwezo wake aweza kuumia mgongo. Akizidi, misuli yake huvunjika na sumu yake kuingia katika damu na kuharibu figo. Watu wamelazwa hospitali kwa sababu hiyo. Mwalimu mwema hutambulikana kwa uzito anaouondoa kuliko ule anaouongeza. Wajumbe wa kamati za mikopo watalielewa jambo hili bila maelezo marefu, kwa maana wamekwisha kuona mwanachama akipewa mkopo wa magunia hamsini ilhali shamba lake ni la magunia kumi.

Ubao, jina na mtu wa mwisho

Lakini chuma peke yake hakimtoi mtu kitandani saa kumi na moja alfajiri. Chuma kinaweza kununuliwa na kuwekwa nyumbani, na wengi walionunua wamekitundikia nguo. Kinachowarudisha watu ni mambo matatu.

La kwanza ni ubao. Jina la kila mtu huandikwa, pamoja na uzito alioinua au muda aliotumia. Mtu huona kwamba mwezi uliopita aliinua kilo 40 na leo ameinua kilo 45. Hakuna maneno ya kubembelezana; hesabu imesema.

La pili ni desturi ya mtu wa mwisho. Katika mashindano mengi makofi hupigwa kwa wa kwanza. Katika nyumba hizi, aliyemaliza kwanza haondoki. Husimama kando ya yule anayejikokota nyuma, akimhesabia na kumtia moyo mpaka amalize. Aliye dhaifu kuliko wote ndiye anayepata sauti nyingi kuliko wote. Mtu aliyepokewa namna hiyo siku ya kwanza hasahau upesi.

La tatu ni kuulizwa. Kwa kuwa watu wa saa moja hufahamiana, asiyefika huonekana kwa pengo lake. Jioni hupigiwa simu: je, ni mgonjwa, au amechoka tu? Na wakikumbuka wafu, hukumbuka kwa jasho. Liko zoezi liitwalo Murph, kwa heshima ya Michael Murphy, ofisa wa jeshi la majini la Marekani aliyeuawa Afghanistan mwezi Juni 2005. Mtu hukimbia maili moja, hujivuta mara 100, hupiga pushapu 200, huchuchumaa na kuinuka mara 300, kisha hukimbia maili nyingine. Nyumba nyingi hulifanya kila mwaka mwezi Mei, Siku ya Kuwakumbuka Mashujaa, na wasioweza peke yao huligawana wawili wawili.

Mtikisiko wa mwaka 2020

Mpaka hapa sifa zimekuwa nyingi. Sasa yafaa kulitazama upande wa pili, nao ni upande wa milki.

Mwaka 2005 nyumba zilizotumia jina la CrossFit zilikuwa 13 tu. Haukupita muda mrefu zikazidi 13,000. Kila nyumba ilikuwa mali ya mwenyewe, naye alilipa ada ya mwaka kwa kampuni ili atumie jina. Hakuwa na hisa, hakuwa na kura, wala hapakuwa na mkutano mkuu ambamo angeweza kusimama na kuhoji hesabu. Kampuni yote ilikuwa ya mtu mmoja.

Mwezi Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, majimbo mengi ya Marekani yalifunga nyumba za mazoezi. Mwezi Mei mtu mweusi, George Floyd, aliuawa na polisi mjini Minneapolis, na nchi nzima ikawaka. Mapema mwezi Juni Glassman aliandika maneno ya dhihaka yaliyounganisha jina la marehemu na ugonjwa huo. Hasira ilikuwa kubwa. Kampuni ya Reebok ilivunja uhusiano. Mamia ya nyumba zilitangaza kuling'oa jina milangoni. Na kabla ya juma kwisha Glassman akaacha uongozi. Mwezi huo huo ikatangazwa kwamba kampuni inauzwa kwa Eric Roza, aliyekuwa yeye mwenyewe na nyumba ya mazoezi katika mji wa Boulder.

Wajumbe na watafakari tukio hilo. Nyumba elfu nyingi zilichafuliwa kwa maneno ya mtu mmoja, na hazikuwa na njia ya kumwondoa kwa kura. Njia yao ilikuwa moja tu, kuondoka. Na wale watu wa alfajiri walikuwa chini zaidi. Mwanachama wa boksi anaitwa mwanachama, lakini kwa sheria ni mnunuzi. Mwenye nyumba akifilisika au akiuza, watu waliotoka jasho pamoja kwa miaka kumi hukuta kufuli mlangoni, na hakuna kifungu chochote cha kuwalinda. Udugu wao ni wa kweli, ila umejengwa katika kiwanja cha mtu mwingine.

Wajerumani walijenga kwa namna tofauti. Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi wa Hasenheide, Berlin, mwaka 1811. Kutokana na mwendo huo vikazaliwa vyama vya mazoezi viitwavyo Turnverein, vyenye katiba, ada na viongozi waliochaguliwa na wanachama. Serikali ya Prussia ilipiga marufuku mazoezi hayo ya wazi kuanzia 1820 hadi 1842, lakini hayakufa. Chama cha Hamburg cha mwaka 1816 kingali hai. Viongozi wamepita, dola zimeanguka, vita viwili vikuu vimepiganwa. Chama kimebaki, maana hakikuwa cha mtu. Si ajabu kwamba nchi hiyo hiyo ndiyo iliyomtoa Raiffeisen, ambaye vyama vya akiba na mikopo vinamheshimu hata leo.

Funzo kwa vyama vya msingi

Hapa ndipo jambo linapowaelekea wanaushirika. Nyumba za mazoezi zina udugu lakini hazina milki. Vyama vya msingi vina milki, yaani hisa, kura na mkutano mkuu, lakini vingi vimepoteza udugu. Kila upande una nusu ya kitu kizima, na nusu iliyopungua katika vyama si ghali kuipata.

Kwanza, mahudhurio yaandikwe na yasomwe. Mwanachama akikosa mikutano miwili, mjumbe wa eneo lake amwendee nyumbani, bila faini mkononi, amuulize habari zake.

Pili, kila mwanachama apewe mzigo wa kadiri yake. Asiyejua kusoma hesabu aweza kusimamia mizani. Kijana aweza kushika daftari la ghala. Asiyebeba chochote hana sababu ya kurudi.

Tatu, anayekwenda nyuma asichekwe. Mkulima aliyeleta kilo 12 za kahawa apokewe kwa heshima ile ile ya aliyeleta kilo 1,200, maana kura zao ni sawa.

Nne, miili ya wanachama itunzwe. Pendekezo la Shirika la Kazi la Kimataifa la mwaka 1967 linataka mzigo wa mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Gunia la kahawa la kilo 60 limekipita kipimo hicho, hivyo libebwe na watu wawili, nao wachuchumae wakiliinua, wasiupinde mgongo. Tena uwanja wa ghala hukaa mtupu msimu ukiisha. Magunia machache yaliyotiwa mchanga nusu, ubao mmoja, chaki, na mtu mwenye busara wa kusimamia vyatosha kuwakusanya vijana na wazee mara mbili kwa juma. Mwenye maradhi amwone mganga kwanza.

Haba na haba hujaza kibaba. Wahenga waliisema kanuni ya Milo kwa nafaka. Chama kitakachowajua watu wake kwa majina, kikamngoja wa mwisho na kumuuliza asiyefika, hakitahitaji barua za onyo. Na tofauti na wale wa boksi, wanachama wake hawatakuta kufuli mlangoni asubuhi, kwa sababu ufunguo ni wao wenyewe.