MAGEUZI YAFIKE SHAMBANI
(Hotuba kwa wanamageuzi na waumini wa Migori na Homa Bay)



Desemba 1991 Bunge lilifuta Sehemu ya 2A ya Katiba, na mlango wa vyama vingi ukafunguliwa. Lakini kura haipikwi chunguni. Mwenye njaa hununuliwa kwa kibaba cha unga, na sauti yake huenda na unga huo. Ndiyo maana twasema kuwa kupiga vita umaskini ni kiini cha mageuzi, wala si jambo la kando.

Maadui wawili wa mahindi yetu twawajua. Kayongo, gugu lenye maua ya zambarau, huinyonya mizizi ya mahindi na mtama, na mbegu zake, ndogo kama vumbi, hulala udongoni miaka mingi. Bungua naye ni kiwavi atoboaye mabua.

Dawa yao ilipatikana papa hapa. Mbita, ufuoni mwa Ziwa Victoria, kuna kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Wataalamu wake, akiwamo Profesa Zeyaur Khan, walishirikiana na watafiti wa Kenya na wa Rothamsted, Uingereza, wakabuni njia ya sukuma-vuta. Wakulima walianza kuijaribu mashambani mwao mwaka 1997.

Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake huwasukuma nondo wa bungua. Majani ya Napier huzunguka shamba na kuwavuta. Viwavi wengi waanguliwao humo hufa. Tena mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kayongo, kisha huzizuia kushika mhindi. Udongo hurutubika, ng'ombe na mbuzi hupata malisho, wala hapanunuliwi sumu ya kunyunyizia.

Wakulima nao hawakuwa watazamaji. Walitaka maharagwe yasiachwe, na njia ya kuyachanganya humo ikatafutwa. Penye ukame, zilitafutwa brakaria na desmodiamu zinazostahimili jua. Mkulima aliyefaulu akawa mwalimu wa jirani yake.

Hatusemi kazi ni nyepesi. Msimu wa kwanza hudai palizi nyingi, na mbegu za desmodiamu hazipatikani kwa urahisi. Hapo ndipo siasa inapoingia. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 champa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na Jedwali la Nne limekabidhi kaunti huduma za kilimo. Basi bajeti ya kaunti inapojadiliwa, tufike na kuuliza: maafisa wa kilimo wangapi wanafika vijijini? Fedha za mbegu ziko wapi?

Wala tusikae tukingoja majibu. Kanisa lenye kiwanja litenge kipande cha mfano. Vikundi vya akina mama vitunze mbegu. Aliye na desmodiamu amkatie jirani vipandikizi, bila kumwuliza yu chama gani.

Kayongo haichagui shamba kwa rangi ya kadi ya chama. Nasi tusichague wa kumfundisha. Aliyeshiba kwa jasho lake hatanunuliwa kwa kibaba.