Chipu Kwanza, Distro Baadaye: Kumwanzisha Mtu kwenye Linux Bila Kuishia Skrini Nyeusi



Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au cha baadaye. Sasa tazameni laptop za mtumba zinazouzwa Kariakoo au katikati ya Nairobi: Dell Latitude, HP EliteBook na ThinkPad zilizokwisha kutumika maofisini ughaibuni. Bado zimo za kizazi cha 4, cha 5, cha 6. Ni mashine nzima, kibodi zake imara kuliko za laptop nyingi mpya za bei ya chini, na kosa lake ni umri tu. Mwenye nayo ndiye anayekuja dukani kusema, "Fundi, nimesikia kuna Linux. Nipigie."

Halafu anauliza distro ipi ni nzuri. Rai yangu leo ni kwamba swali hilo lisijibiwe kabla hatujajua ndani ya mashine kuna chipu gani ya grafiki. RAM, diski, kibodi na spika kerneli huzitambua bila kelele. Wi-Fi ina visa vyake, hasa chipu za Broadcom, lakini hiyo huponywa kwa kuunganisha simu kwa waya wa USB na kushusha kinachohitajika. Skrini ikizima, mgeni hana hata pa kusoma kosa. Hapo ndipo wengi hurudi kwa fundi na kusema, "Nirudishie Windows yangu."

Distro zote hubeba kerneli ya ukoo mmoja, ule aliouanzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Kwa mtu wa grafiki, tofauti zake za maana ni chache: kerneli yake ina umri gani, Mesa yake (programu inayofanya kazi za OpenGL na Vulkan) ina umri gani, na mlango wa kupata draiva zisizo huria uko wazi kiasi gani. Rangi za menyu na picha ya ukutani hubadilishwa jioni moja. Nawaambia hivi kwa sababu wanafunzi huchagua distro kwa kutazama video za watu waliopamba skrini zao, kisha huangukia distro ya Arch katika wiki yao ya kwanza.

Basi tukague. Windows ikiwa bado ipo, fungueni Device Manager, sehemu ya Display adapters, mnakili jina lote pamoja na namba. Ikiwa haipo, washeni mashine kwa flashi yenye Linux, fungueni terminali na kuandika lspci -k. Tafuteni mstari wenye VGA au 3D. Chini yake mtaona jina la draiva inayotumika wakati huo. Majina mawili yakitokea, moja la Intel na jingine la NVIDIA au AMD, laptop hiyo ina chipu mbili, na mipango yenu itabadilika.

Intel peke yake ni habari njema na fupi. Draiva ya i915 imo ndani ya kerneli, na kazi za OpenGL na Vulkan hufanywa na Mesa, mradi aliouanzisha Brian Paul mwaka 1993. Hakuna cha kushusha. Mkimkuta mgeni anahangaika mtandaoni akitafuta draiva ya Intel kama alivyozoea kwenye Windows, mwambieni aokoe bando lake.

AMD iko karibu hivyohivyo. Draiva ya amdgpu iliingia kwenye kerneli mwaka 2015, toleo la 4.2, na kadi za zamani zaidi hutumia ile inayoitwa radeon. Tahadhari ni kwa mwenye kadi mpya kabisa. Huyo anahitaji kerneli mpya na Mesa mpya, kwa hiyo Debian ya matoleo tulivu inaweza kumwangusha pale ambapo Fedora, yenye toleo jipya kila baada ya takriban miezi sita, itamwashia skrini bila maneno. Mnaona sasa chipu inavyochagua distro.

NVIDIA ndiyo itakayotukalisha. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ilitoa draiva iliyofungwa, wala haikuwasaidia sana waandishi wa kerneli. Mwaka 2012, mbele ya hadhira huko Finland, Torvalds aliionyesha NVIDIA kidole cha kati, na video yake ingali inazunguka. Wahandisi wa kujitolea walikuwa wameshaandika nouveau kwa kuchunguza kadi zinavyofanya kazi, na iliingia kwenye kerneli mwaka 2010. Lakini kwa familia za GTX 900 na GTX 1000, nouveau haiwezi kuipandisha kadi kasi yake ya kawaida, kwa sababu faimwea inayohitajika ina saini ya NVIDIA. Kadi inawaka, inakuonyesha picha, na inabaki inatambaa. Mwaka 2022 NVIDIA ilifungua msimbo wa modyuli zake za kerneli, kwa kadi za kizazi cha Turing na baada yake. Ni hatua kubwa, ila haimsaidii mwenye mashine ya 2013.

Na ya 2013 ndiyo tunayoletewa. Chukueni ThinkPad T430 yenye chipu ya pili ya NVS 5400M. Chipu hiyo ni ya kizazi cha Fermi, na draiva yake ya mwisho ni ya tawi la 390, ambalo NVIDIA iliacha kulihudumia mwishoni mwa 2022. Fundi anayeng'ang'ania kuliingiza kwenye kerneli ya leo anajitafutia usiku mrefu. Jawabu liko kwenye BIOS: ingieni sehemu ya Config, kisha Display, mchague Integrated Graphics. NVIDIA inalala, Intel inabeba kazi yote, betri inadumu zaidi, na mtu wa kuandika ripoti na kutazama video hatagundua upungufu wowote. Kadi za kizazi cha Kepler husimama kwenye tawi la 470. Maxwell na Pascal, ikiwemo GTX 1050 inayopendwa na vijana wa gemu, zinafika mpaka tawi la 580 na hapo ndio kituo cha mwisho.

Kwa kadi ambayo bado ina draiva hai, njia ni ya mkato. Linux Mint ina programu iitwayo Driver Manager: unafungua, unachagua ile iliyopendekezwa, unaacha ishuke, unawasha upya. Kwenye Ubuntu amri ni sudo ubuntu-drivers install. Msishushe lile faili la .run kutoka tovuti ya NVIDIA. Linafanya kazi siku ya kwanza. Kerneli ikipata apdeti, modyuli haipo, na mteja anaamkia skrini nyeusi akiwa na mtihani wa mtandaoni saa mbili asubuhi.

Skrini ikiwa nyeusi tangu kwenye flashi, msikate tamaa na wala msibadilishe distro. Mint huweka kwenye menyu ya kuwashia chaguo la compatibility mode, na Ubuntu ina lake la safe graphics. Yote mawili hupitisha neno nomodeset, linaloiambia kerneli isijaribu kuitawala kadi na itumie picha ya msingi iliyoachiwa na BIOS. Linux ikishasakinishwa na skrini bado nyeusi, bonyezeni herufi e kwenye menyu ya GRUB, andikeni nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha F10. Hili ni gongo la kutembelea mpaka draiva iingie. Nimeona mashine zilizoachwa nalo kwa miezi, mwenyewe akilalamika kwamba Linux ni nzito.

Secure Boot nayo huleta utata wake. Ikiwa imewashwa, modyuli ya NVIDIA lazima iwe na saini inayokubalika. Wakati wa kusakinisha mtaulizwa neno la siri, na mashine ikiwaka tena itatokea skrini ya buluu yenye maneno MOK management. Wengi hudhani ni hitilafu, wanaipita, kisha wanashangaa draiva haiamki. Chagueni Enroll MOK, andikeni neno lile lile.

Baada ya hayo, kuchagua distro kunakuwa kazi ya dakika chache. Kwa anayeanza, mwenye Intel au NVIDIA isiyo kongwe, mimi humpa Linux Mint 22: imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, inahudumiwa hadi 2029, na faili lake ni karibu GB 3 wakati la Ubuntu yenyewe linakaribia GB 6. Kwa anayenunua bando, hiyo pekee ni hoja. RAM ikiwa GB 4, mpeni Mint ya Xfce. Debian tangu toleo la 12, la mwaka 2023, huja na faimwea zisizo huria ndani ya kisakinishi, kwa hiyo maneno ya zamani kwamba Debian haioni chochote yamepitwa na wakati; inafaa maabara ya shule isiyotaka mabadiliko. Fedora kila toleo huhudumiwa takriban miezi 13, maana yake ni lazima intaneti ya uhakika iwepo. Na kama jirani wa mteja anatumia Ubuntu na yuko tayari kumsaidia, mpeni Ubuntu, mjadala umekwisha.

Kabla hamjafuta Windows, mwacheni mteja mwenyewe aijaribu Linux kutoka kwenye flashi: acheze video skrini nzima, apunguze mwanga kwa vitufe, afunge kifuniko na kukifungua tena. Walimu waunganishe projekta. Katika baadhi ya laptop zenye chipu mbili, tundu la HDMI au DisplayPort limeunganishwa kwenye NVIDIA peke yake, na ukiizima kwenye BIOS, projekta haipati kitu. Mashine ya namna hiyo ikitokea, jaribuni kwanza tundu la VGA kama lipo. Lisipokuwepo, NVIDIA ibaki imewashwa, hata kwa nouveau, na mteja aelezwe mapema kwamba betri itaisha haraka.