Maji Haya Yametoka Wapi?



Na afikiriwe mwenye nyumba mmoja katika nchi ya Kinangop, mahali palipoinuka mita 2,500 hivi juu ya bahari. Nyumba yake ni ya mawe, sakafu ni ya saruji, na paa ni la mabati mapya. Ni mwezi wa Januari; mvua haijanyesha kwa majuma mawili, na usiku anga ni jeupe, halina hata wingu. Hata hivyo, kila alfajiri matone ya maji humwangukia kitandani, na blanketi za watoto huamka zimelowa. Amwita fundi. Fundi apanda juu ya paa, aona matundu ya misumari, ayaziba kwa lami, apokea ujira wake na kwenda zake. Kesho yake alfajiri maji yatona vile vile.

Fundi huyo si mdanganyifu. Kosa lake ni kuziba kabla ya kuuliza. Ukiliacha bomba lililopasuka, ambalo hujulikana upesi, maji huingia katika nyumba kwa njia tatu: hushuka kwa mvua, hupanda kutoka ardhini, au huzaliwa humo humo ndani. Dawa ya njia moja haifai kwa nyingine, na mara nyingine huzidisha ugonjwa.

Njia ya tatu ndiyo inayowashangaza watu, kwa hiyo yafaa ielezwe kwa urefu. Hewa yote ina mvuke wa maji usioonekana. Hewa ya joto hubeba mwingi, hewa ya baridi hubeba kidogo. Kila mita moja ya ujazo wa hewa yenye joto la nyuzi 20 za Sentigredi yaweza kubeba kama gramu 17 za maji. Ikipoa hata kufika nyuzi 10, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na nusu hivi. Kinachozidi hakina budi kutua mahali fulani, nacho hutua juu ya kitu kilicho baridi kuliko vyote.

Mvuke huo watoka wapi? Mtu aliyelala hutoa kwa pumzi na jasho kama gramu 40 za maji kwa saa moja. Watu watano wakilala saa nane katika nyumba iliyofungwa, hiyo ni zaidi ya lita moja na nusu kabla ya kuhesabu sufuria ya uji na nguo zilizoanikwa ndani. Taa na jiko la mafuta ya taa huongeza yao. Ni jambo gumu kuaminika, lakini lita moja ya mafuta ya taa ikiungua huzaa maji zaidi kidogo ya lita moja, maana haidrojeni iliyomo katika mafuta huungana na oksijeni ya hewa. Mwenye nyumba adhani anaukausha unyevu kwa jiko hilo, kumbe auongeza.

Sasa yabaki kujua kwa nini mvuke huo uchague bati. Jambo hili lilielezwa mwaka 1814 na tabibu mmoja wa London, William Charles Wells, katika kitabu chake juu ya umande. Watu wengi walidhani kwamba umande huanguka kutoka juu kama mvua nyembamba. Wells alionyesha kwamba usiku usio na mawingu vitu vilivyo wazi hulipoteza joto lao kuelekea angani, hata vikawa baridi kuliko hewa inayovizunguka, na umande hufanyika papo hapo juu yake. Mawingu yakiwapo, hupunguza upotevu huo. Bati ni jembamba mno, halina akiba ya joto. Usiku wa Januari huko Kinangop lapoa upesi, na upande wake wa chini hupata umande kama majani ya shambani. Paa la nyasi halina tabia hiyo, wala paa la makuti, kwa sababu kati ya majani mna hewa nyingi iliyotulia, nayo huzuia joto lisipite. Wazee waliokataa mabati kwa kusema kwamba yanatoa baridi walikuwa na haki yao, ijapokuwa nyasi zina taabu zake za moto na wadudu.

Mwenye nyumba, akiona baridi na maji, huziba matundu ya hewa kwa matambara. Hapa ndipo penye hatari. Mvuke wabaki ndani, ukungu mweusi waota katika pembe na nyuma ya kabati, na wenye pumu na watoto wadogo wapata taabu ya kifua. Kisha baridi ikizidi, jiko la makaa laingizwa chumbani na mlango wafungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na watu wamekutwa asubuhi wamekufa katika vyumba vya namna hiyo, pasipo kuamshwa na lolote. Jiko la makaa lisilale chumbani na watu, hata kama mvua ya mawe yanyesha.

Kuna wanaouliza: hewa ya nje ni baridi na ina ukungu wa asubuhi, yawezaje kukausha nyumba? Jibu lake ni hesabu ile ile. Hewa ya baridi, hata ikiwa imejaa, imebeba maji machache. Ikiingia ndani na kupata joto, yapata nafasi ya kubeba zaidi, kisha yatoka nayo. Kwa hiyo tundu moja liwe chini na jingine juu karibu na paa, maana hewa ya joto hupanda. Atakaye kujua kama matundu yake yafanya kazi na achukue kijiti cha udi kinachofuka, akisogeze polepole kwenye dirisha, mlango na pembe za dari. Moshi ukivutwa, hewa yapita. Ukisimama wima kama uzi, hewa imelala.

Dari chini ya mabati ni msaada mkubwa, iwe ya mbao au ya mikeka iliyosukwa vizuri, kwa kuwa huweka hewa tulivu kati ya watu na bati. Lakini isiwe na mianya, la sivyo mvuke utapenya na kutona juu ya dari yenyewe hata ioze. Na nafasi iliyo juu ya dari iachiwe matundu yake ya kutokea nje.

Ikiwa unyevu uko ukutani, kuna jaribio rahisi. Kipande cha nailoni, mraba wa futi moja, kibandikwe ukutani na kingo zake zote zizibwe kwa utepe wa gundi, kisha kiachwe siku moja au mbili. Maji yakionekana upande wa chumbani, yatoka katika hewa. Yakionekana nyuma, kati ya nailoni na ukuta, yatoka ukutani. Yale yapandayo kutoka ardhini huacha mstari wa chumvi nyeupe, ambao kwa kawaida haupiti sana mita moja. Hapo fundi atazame nje kwanza: pengine udongo wa bustani umelundikwa juu ya ile karatasi ya lami iliyowekwa msingini, au maji ya paa hayana mfereji, yamwagika mguuni pa ukuta. Sepetu yaweza kumaliza kazi ambayo ndoo kumi za rangi hazikuiweza.

Pwani ugonjwa una sura nyingine. Nyumba za zamani za Lamu, mji uliowekwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2001, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zikabebwa na boriti za mikoko. Kuta hizo nene hunywa maji na kuyatoa tena, kwa kuwa plasta ya chokaa hupumua. Mwenye nyumba akichoka kuona chokaa ikibanduka, huipaka saruji ngumu. Kwa muda ukuta hupendeza. Baadaye maji yaliyonyimwa mlango hupanda juu zaidi kutafuta mwingine. Chumvi huyafuata na kuyavunja mawe nyuma ya saruji, na ncha za boriti zilizomo ukutani huanza kuoza mahali pasipoonekana.

Katika nyumba ya namna hiyo saruji hubanduliwa kwa uangalifu, boriti zikachunguzwa moja moja, na ukuta ukaachwa ukauke kabla ya kupakwa chokaa. Waashi hukadiria mwezi mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Ukuta wa inchi 20, ukikauka pande zote mbili, wataka miezi kumi.