Historia ya Ranchi ya Galana, na Jinsi Inavyotuhusu Sisi Wafanya Kazi

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, Makupa, Mombasa)



Nimeombwa niseme khabari za ranchi ya Galana. Najua yuko mwenzetu ajiulizaye: sisi ni watu wa bandari, wa reli na wa magodauni, ng'ombe wa nyika watuhusu nini? Nitamjibu. Nchi ile na kazi zetu hapa mjini ni khabari moja, na wengi wetu ni wajukuu wa khabari hiyo.

Mto Athi ukisha kukutana na mto Tsavo huitwa Galana. Ukikaribia pwani huitwa Sabaki, nao huingia baharini kaskazini ya Malindi. Ranchi iko upande wa kaskazini ya mto, inapakana na mbuga ya Tsavo Mashariki. Ukubwa wake ni zaidi ya eka milioni moja. Kisiwa chetu chote cha Mombasa chaweza kuingia humo zaidi ya mara mia mbili.

Watu husema ilikuwa nchi tupu. Si kweli. Waorma walichunga ng'ombe huko, wakifuata mvua na majani. Waata, ambao wengine huwaita Wasanye, waliwinda ndovu kwa pinde ngumu na mishale ya sumu. Wagiriama nao walivuka Sabaki wakalima ng'ambo, wakapata mahindi ya kula na ya kuuza.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Mtu mwenye shamba zuri hana haja ya kwenda kuchukua kazi ya mshahara mdogo kwa mwingine, na serikali ya kikoloni ilitaka watu wa kazi. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwahimiza Wagiriama wakatae. Akakamatwa, akapelekwa mbali hata Kisii, akatoroka na kurudi kwao. Mwaka 1914 serikali iliamuru watu wahame ng'ambo ya Sabaki. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na walioshindwa wakatozwa faini ya rupia 100,000 pamoja na kutoa watu wa kazi. Baadaye waliruhusiwa kurudi, lakini wengi walikuwa wamekwisha poteza mali yao. Basi kijana akisha nyang'anywa shamba hufuata njia ya mjini. Asiseme mtu kwamba wazee wetu walikuja kwa kupenda taa za umeme.

Zamu ya Waata ilifuata. Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948. Miaka ya 1956 na 1957 askari wa mbuga waliwasaka wawindaji, wakawafunga wengi. Kazi waliyoachiwa na baba zao ikawa hatia. Mwaka 1960 ulianzishwa Mpango wa Galana, ili Waata wapate riziki ya halali kwa ndovu wale wale. Nia ilikuwa njema, lakini mwenye kuamua ndovu yupi auawe, na fedha ziende wapi, alikuwa serikali. Mwata aliyekuwa bwana wa upinde wake akawa mtu wa kuajiriwa.

Mpango ule haukudumu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 nchi ile ilikodishwa kwa kampuni iliyoitwa Galana Game and Ranching. Mmoja wa wakubwa wake alikuwa Mmarekani, Martin Anderson. Kampuni ilichimba malambo ya maji, ikakata njia, ikaleta ng'ombe wa Boran kwa maelfu. Wageni walikuja kuwinda kwa kulipa, mpaka uwindaji ulipokatazwa Kenya nzima mwaka 1977. Hata choroa walijaribiwa kufugwa: wachungwe mchana, walale zizini usiku kama ng'ombe.

Tusiwanyime haki yao wenye kufanya kazi ile. Ukame ulikuwapo, na simba, na mbung'o aletaye maradhi ya nagana, na majangili wenye bunduki. Lakini nani aliyelala na ng'ombe zizini? Nani aliyesikia simba kwanza? Ni mchungaji. Katika vitabu vya ranchi utasoma majina ya wakurugenzi. Jina la mchungaji ni shida kuliona.

Na sikilizeni jambo hili. Wataalamu wa nagana walinunua ng'ombe wa Waorma, wakawaweka Galana pamoja na Boran wa ranchi, wapate kuona nani atashinda ugonjwa. Ng'ombe wa Waorma walivumilia zaidi. Yaani watu walioambiwa hawajui kufuga walikuwa wamekwisha kupata, kwa kuchagua vizazi kwa vizazi, mnyama aifaaye nchi ile. Elimu ilikuwapo. Haikuulizwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ilirudi mikononi mwa serikali, chini ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo. Mwaka 2014 ulianzishwa mradi wa Galana-Kulalu, watu wakaambiwa eka milioni moja zitalimwa kwa maji ya mto. Ilianza kwa shamba la mfano la eka 10,000, na kampuni ya Israeli iliyopewa kazi iliondoka kabla mambo hayajatimia.

Ndugu, hesabuni wenyewe. Mara ya kwanza watu walihamishwa. Mara ya pili walifungwa. Kisha nchi ikawa ya ndovu, kisha ya ng'ombe, kisha ya mahindi. Kila mara mpango ulitoka mbali, na mwenyeji akapewa jembe au fimbo ya kuchungia, hakupewa kiti.

Chama chetu kisikae kimya katika mambo ya ardhi kwa kudhani ni ya wakulima tu. Mshahara wa mjini hushushwa na njaa ya shamba. Mtu akifukuzwa Sabaki leo, kesho yuko langoni pa bandari akikubali nusu ya ujira wako, nawe huwezi kumlaumu. Kwa hiyo mpango mpya wa Galana ukitangazwa, tusiulize magunia mangapi tu. Tuulize Mworma atanywesha wapi ng'ombe wake wakati wa kiangazi, Mgiriama na Mwata watakuwa na sauti gani, na kibarua wa huko atakuwa na chama na mkataba, au atalala na simba bila barua ya kazi.

Haya ndiyo niliyotaka tuyazungumze. Sasa nawaachia nyinyi maswali.