Tuombe Msamaha kwa Nyoyo Zisizo na Chuki

(Nasaha kwa Waislamu wa Karatu na Ngorongoro)



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Katika Sura Al-Hashr, aya ya 8 inawataja Muhajirina, mafakiri waliotolewa katika majumba na mali zao. Aya ya 9 inawasifu Ansari wa Madina, waliowapenda wageni hao na kuwatanguliza ijapokuwa wao wenyewe walikuwa wahitaji. Aya ya 10 inatufundisha sisi tuliokuja baada yao kujiombea msamaha, kuwaombea waliotutangulia kwa imani, na kuomba nyoyo zetu zisiwe na chuki juu ya Waumini. Tazameni mpangilio huo: aliyefukuzwa, aliyempokea, na mwenye kuomba msamaha.

Wakazi wa nyanda hizi wanajua kuhama ni nini. Mwaka 1959 wafugaji wa Kimasai walitolewa Serengeti wakaletwa Ngorongoro. Na tangu mwaka 2022 kaya nyingi za Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Mwenye kuacha boma na makaburi ya wazazi wake ameacha jambo zito. Jirani huyo, awe Mwislamu au asiwe, ana haki juu yetu.

Basi na tuwakumbuke pia ndugu zetu wa mbali. Gaza, tangu Oktoba 2023, takriban watu wote wamelazimika kuyahama makazi yao, wengi wao zaidi ya mara moja. Sudan, tangu vita vilipoanza Aprili 2023, zaidi ya watu milioni 10 wamekimbia. Na msiba wa Sudan una fundisho chungu: wanaopigana wanaelekea kibla kimoja. Chuki ya ndugu kwa ndugu ndiyo iliyowatoa watu majumbani.

Je, sisi tumesalimika na chuki hiyo? Kwa hitilafu ya kuandama mwezi, wengine husali Idd leo na wengine kesho. Hitilafu hiyo haimhalalishii mtu kumnyima ndugu yake salamu. Katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba kila Jumatatu na Alhamisi waja wasiomshirikisha Allah husamehewa, ila wawili wenye uhasama baina yao, hao hucheleweshwa mpaka wapatane. Basi kabla ya Ijumaa ijayo, kila mwenye kumsusa ndugu yake amwendee, kisha tutoe tulicho nacho kwa ajili ya waliohamishwa.

Ewe Mola wetu! Tusamehe dhambi zetu za siri na za dhahiri. Ziondolee nyoyo zetu kinyongo, utukusanye katika safu moja. Wape makazi na amani waliofukuzwa makwao, wakutanishe na jamaa zao waliopoteana, na utufanye sisi kuwa Ansari wao. Aamin.