Tuta la Udongo Husema Kabla ya Kuvunjika

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka taratibu.)

Popote ulipo, Chienge, Nchelenge, kandokando ya Ziwa Mweru au ndani ya makazi ya Mantapala, leo tunataka kuzungumza nawe juu ya ukuta wa udongo unaozuia maji, na juu ya watu wanaolala chini yake.

Tuanzie mbali kidogo, halafu tutarudi nyumbani.

Mji wa Derna uko Libya, pwani, mahali bonde linapofika baharini. Kwa miezi mingi bonde hilo huwa kavu. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, linageuka mto mkali. Kwa hiyo, katika miaka ya 1970, yalijengwa humo mabwawa mawili ya matuta ya udongo na mawe ili kuukinga mji na mafuriko. La juu liliitwa Abu Mansour. La chini lilikuwa karibu kilomita 1 tu kutoka mjini. Watu wakajenga, wakazaa, wakaongezeka, wakauamini ukuta.

Lakini ukuta wa udongo unahitaji kutunzwa. Mwaka 2021 wakaguzi wa serikali waliandika kwamba fedha za matengenezo zilitengwa, lakini kazi haikufanyika. Mwaka 2022 mtaalamu wa maji wa huko, Abdelwanees Ashoor, alionya kwamba mafuriko makubwa yakija, watu wa bonde na wa mji watakuwa katika hatari. Usiku wa kuamkia 11 Septemba 2023 mafuriko yakaja. Dhoruba iliyoitwa Daniel ilijaza mabwawa yote mawili, matuta yakavunjika, na maji yakapita katikati ya mji watu wakiwa ndani ya nyumba. Baadhi yao walikuwa wameambiwa wahame. Wengine waliambiwa wabaki ndani. Waliokufa ni maelfu.

Ndugu msikilizaji, usiseme hayo ni ya Waarabu na ya mbali. Usiku wa 9 Mei 2018, huko Solai karibu na Nakuru, nchini Kenya, bwawa la udongo la shamba lilivunjika wakati wa mvua za masika. Watu zaidi ya 40 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Baadaye mamlaka ya maji ya Kenya ilisema bwawa hilo halikuwa na kibali. Na alfajiri ya 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu, makumi ya watu walikufa kwa maji yaliyoshuka ghafla. Kwanza ilisemwa kwamba bwawa limevunjika. Kisha Wizara ya Maji ikaeleza kwamba tundu la kupitishia maji chini ya tuta la reli liliziba kwa takataka, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, na mwishowe yakatoka kwa nguvu.

Liangalie vizuri jambo hilo la Mai Mahiu. Hapakuwa na bwawa lililojengwa na mtu. Palikuwa na tuta na tundu lililoziba. Sasa fikiria huku kwetu: bwawa la samaki, bwawa la kumwagilia bustani, barabara iliyoinuliwa juu ya bonde na makalavati yake yamejaa majani na mchanga. Kila penye tuta na maji nyuma yake, somo ni lilelile.

Kwa nini tuta huvunjika? Njia kubwa ni tatu.

Ya kwanza, maji kupita juu. Tuta la udongo halikujengwa ili maji yapite juu yake. Yakianza kupita, yanakwangua udongo wa upande wa chini, mfereji mdogo unakuwa mkubwa, na baada ya muda mfupi tuta linakatika. Ndiyo sababu kila bwawa zuri lina njia ya pembeni ya kutolea maji ya ziada. Ikiziba njia hiyo, umeliziba bwawa pumzi.

Ya pili, maji kuchimba kutoka ndani. Maji hupenya taratibu, yakifuata shimo la panya, mzizi wa mti uliooza au njia ya mchwa. Yakianza kutoka na udongo, tuta linaliwa tumboni, na kwa nje unaona nyasi za kijani tu.

Ya tatu, tuta kuteleza. Udongo ukishiba maji unakuwa mzito na laini, na upande mmoja unaporomoka.

Lakini habari njema ni hii: mara nyingi tuta husema kabla ya kuvunjika. Anayelisikiliza anaweza kuokoa kijiji. Zishike ishara hizi tano.

Moja: ufa mrefu juu ya tuta, au sehemu iliyodidimia.

Mbili: upande wa chini, mahali palipokuwa pakavu sasa pana tope au chemchemi mpya.

Tatu: maji yanayovuja yamebadilika. Maji machache na safi ni jambo la kutoa taarifa na kulitazama kila siku. Maji yenye rangi ya udongo, au yanayozidi kila saa, ni hatari ya sasa hivi.

Nne: maji ya bwawa yanazunguka mahali pamoja kama yanavutwa chini.

Tano: maji yamekaribia kichwa cha tuta na mvua bado inanyesha.

Nani huziona ishara hizi kwanza? Mara nyingi si mkubwa wa mkutano. Ni mama anayechota maji, ni mtoto anayevua samaki wadogo, ni mchungaji wa mbuzi. Basi wakisema, wasikilizwe. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyefika hapa kutoka Kongo tangu 2017 anaweza kuona jambo ambalo mwenyeji amelizoea mpaka halioni tena. Na mwenyeji anajua mahali maji yalipofika miaka ya nyuma, jambo ambalo mgeni halijui. Habari ya hatari ipigwe kwa Kiswahili, kwa Kibemba na kwa Kibwile, ili asibaki mtu kwa sababu ya lugha.

Ukiona ishara, fanya nini? Mwambie mwenye bwawa, mzee wa kijiji au kiongozi wa eneo lako siku hiyohiyo. Wao wapeleke habari wilayani. Huku Zambia kipo kitengo cha serikali cha maafa, DMMU, na mamlaka ya maji ni WARMA. Ukiona maji machafu yakitoka kwenye tuta, usiyazibe kwa udongo upande wa chini ukadhani umetengeneza. Yatatafuta njia nyingine. Na usiwaruhusu watu kusimama juu ya tuta kutazama.

Kama hatari ni ya sasa hivi, usingoje karatasi wala gari. Pigeni filimbi, debe au ngoma, kwa mlio mliokubaliana tangu mapema. Wabebeni watoto, wazee na wagonjwa kwanza. Usikimbie kufuata bonde, kwa maana maji yatafuata bonde hilohilo na yana mbio kuliko wewe. Panda kando, kwenye mwinuko. Usivuke maji yanayokwenda kasi, hata kama yanafika magotini tu. Yanaweza kumwangusha mtu mzima. Usirudi kuchukua kitu.

Tunajua neno hilo la mwisho ni gumu. Wengi wenu mliikimbia vita na mkaacha kila kitu Tanganyika au Haut-Katanga. Sasa umepata nyumba tena, umepata kuku, umepata gunia la mihogo mikavu, na mtu anakwambia uache tena. Moyo unakataa. Lakini mita moja ya maji, kwa upana na urefu na kina, ina uzito wa kilo 1,000. Maji ya namna hiyo hayaheshimu mlango. Ndiyo maana tunasema uamuzi ufanyike leo, jua likiwaka, wala si usiku ule. Weka kitambulisho, karatasi za kuandikishwa na dawa ndani ya mfuko mmoja karibu na mlango. Ukikimbia na tuta lisivunjike, umepoteza usingizi wa usiku mmoja. Usimcheke jirani aliyepiga debe bure. Ukimcheka leo, kesho hatapiga.

Tunasema kila siku: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa tuta la maji usemi huo ni mkali zaidi, kwa sababu ufa usipotazamwa, huenda asibaki wa kuujenga ukuta. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Kabla hazijaanza, nendeni kumi kumi mkakate vichaka juu ya tuta, mzibue njia ya maji ya ziada, mtoe takataka kwenye makalavati. Ni kazi ya siku moja au mbili, kwa panga na jembe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi baada ya kipindi:

1. Ni matuta gani ya udongo yaliyo juu ya nyumba zetu, zikiwemo barabara? Nani anayatazama?

2. Mlio wetu wa hatari ni upi, na kila nyumba inaujua?

3. Tukikimbia usiku, tutapanda wapi, na nani atambeba asiyeweza kutembea?

Karatasi hii ukimaliza kuisoma, mpe jirani anayekaa chini yako kuelekea bondeni.

(Muziki wa kipindi.)