Mwanafunzi wa Udaktari na Swali Lililo Wodini

Hotuba kwa wanafunzi wa udaktari walio katika mafunzo kwa vitendo kwenye hospitali ya wilaya



Imeota mizizi dhana kwamba utafiti ni kazi ya maprofesa, na kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza hana budi kukariri kwanza, kuuliza baadaye. Historia ya tiba haiiungi mkono dhana hiyo.

Mwaka 1869, mjini Berlin, mwanafunzi wa udaktari Paul Langerhans alieleza katika tasnifu yake vikundi vidogo vya seli alivyoviona kwa hadubini ndani ya kongosho. Hakujua kazi yake, wala hakujifanya anajua; aliandika alichokiona. Baadaye ilibainika kuwa humo ndimo insulini inamotengenezwa. Mwaka 1921, huko Toronto, Kanada, daktari Frederick Banting alipoanza majaribio ya kuipata insulini, msaidizi wake alikuwa Charles Best, kijana wa miaka 22 aliyekuwa ndiyo kwanza anamaliza shahada ya kwanza. Mgonjwa wa kisukari anayechomwa insulini leo katika hospitali ya wilaya anafaidi kazi ya vijana hao wawili.

Si kila utafiti unadai maabara ya gharama. Rejista za MTUHA hujazwa kila siku katika zahanati, vituo vya afya na hospitali. Aghalabu takwimu zake hujumlishwa mwisho wa mwezi, zikapelekwa ngazi za juu, kisha vitabu vikarudi kabatini. Mwanafunzi mwenye subira anaweza kuvisoma kwa jicho la kuuliza.

Mfano ulio karibu ni wa mama mjamzito anayefikishwa hospitali hali ikiwa imekwisha kuwa mbaya. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walibainisha ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kila mmoja una dawa yake. Wa kwanza hudai elimu na mazungumzo ndani ya kaya. Wa pili, barabara na gari la wagonjwa. Wa tatu, watumishi, damu salama na chumba cha upasuaji kilicho tayari. Halmashauri isiyojua ni upi unaowaumiza wananchi wake yaweza kununua gari, ilhali kilichopungua ni damu. Hapo swali la mwanafunzi huwa suala la uhai.

Hata hivyo, udadisi una mipaka. Kabla ya kufungua rejista, mwanafunzi awe na msimamizi, andiko la utafiti, kibali cha maadili kutoka mamlaka inayohusika, na ruhusa ya uongozi wa wilaya. Jina la mgonjwa lisitoke wodini. Anayeombwa kuhojiwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, na akikataa, huduma yake isipungue hata chembe.

Wakufunzi nao wana sehemu yao. Mwanafunzi asiachwe peke yake na takwimu asizojua kuzichambua, wala asitumwe kukusanya taarifa ambazo jina lake halitatajwa katika matokeo yake.

Mwisho, lipo deni linalosahauliwa. Tasnifu nyingi huishia katika rafu za maktaba, na wananchi waliotoa majibu hawasikii tena habari zake. Kila mwanafunzi anayefanya utafiti wilayani aache ukurasa mmoja wa Kiswahili, unaosema alichouliza, alichokipata na kinachoweza kurekebishwa, usomwe na timu ya afya ya wilaya na kamati ya kituo kilichohusika. Hata matokeo yasiyotarajiwa yana faida, kwa kuwa huizuia halmashauri kutumia fedha mahali pasipo na tatizo.

Wahenga walisema: asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Rejista zipo, wagonjwa wapo, na wauguzi wenye uzoefu wa miaka mingi wapo tayari kuulizwa.